Njiti akishapona na kufika sekondari, kichwa chake kinaendaje? Wazazi, walimu na nyie mliozaliwa njiti njooni tuongee

BabaTausi

Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie, nimeukalia muda sasa na leo nimeona niumwage wote.

Kila mwaka ikifika tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, mitandao inajaa rangi ya zambarau, tunaona vitoto vilivyozaliwa na gramu 900 saivi vimevaa yunifomu, tunamshukuru Mungu na ni haki kabisa kumshukuru. Ila mi nina binti alozaliwa wiki ya 29, gramu 1,150, saivi yuko Form Two, na ninachotaka tuongee ni kile ambacho siku ile hakitajwi. Akishafika kilo mbili na nusu, akishatembea, akishaanza shule, kichwa kinaendaje? Sisi kliniki ya njiti walituaga alipotembea vizuri, wakasema mtoto wenu yuko sawa, tukaondoka na furaha yetu. Hakuna aliyetuambia akifika darasa la tatu muangalie hiki, akifika la tano muangalie kile. Na nilivyokuja kusoma, mengi ya watoto hawa yanaanza kuonekana hukohuko darasa la tatu kwenda mbele, shule inapoanza kuwa ngumu.

Binti yangu sio mjinga. Anasoma vitabu vya hadithi mpaka namzimia taa, akikusimulia kitu cha miaka mitano nyuma anakumbuka mpaka nguo uliyovaa. Sasa mpe hii: 3(x − 4) = 2x + 5. Ukikaa naye mkaandika mstari kwa mstari anafika x = 17 bila shida na anakueleza kwa nini. Muache mwenyewe na dakika zinahesabiwa, anaandika 3x − 4. Ile 4 haijazidishwa. Na sio kwamba hajui inazidishwa, ukiweka kidole pale anakuambia hapohapo, ila wakati anawaza kuhamisha 2x upande wa pili kile cha kwanza kimeshadondoka. Hivyohivyo mwalimu akisema funga daftari, chukua rula, njoo ubaoni ufanye namba nne, yeye anafunga daftari anatulia. Ripoti zake tangu la nne zinasema kitu kimoja, "ana uwezo ila hana umakini", "aongeze bidii". Mtoto anaongeza bidii mpaka analia usiku, alafu ripoti inakuja ileile.

Ndo nikaanza kutafuta. Kuna nchi zimefuata watoto njiti kutoka wodini mpaka wakawa watu wazima, na majibu yapo, sio siri.

Uingereza na Ireland mwaka 1995 waliwachukua watoto wote waliozaliwa kabla ya wiki 26, wakauita utafiti wa EPICure. Waliotoka hospitali wakiwa hai walikuwa zaidi kidogo ya 300. Wakapimwa wakiwa na miaka miwili na nusu, 6, 11, na 19. Ujerumani kule Bavaria ya kusini walichukua waliozaliwa 1985 na 1986 chini ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500, wakawafuata mpaka miaka 26. Na ukikusanya tafiti za namna hii za nchi nyingi, wastani wa IQ (alama za kipimo cha akili) wa waliozaliwa chini ya wiki 32 unakuwa chini ya wenzao kwa pointi kama 11 hadi 13, na kwa wale wa chini ya wiki 26 pengo ni kubwa zaidi. Na halijifuti lenyewe, ukubwani bado lipo. Nimeliandika wazi kwa sababu wazazi tunaambiwaga "atawakuta tu wenzake akifika miaka miwili", na hilo ni kweli kwenye kukaa na kutembea kwa wengi, ila kwenye umakini, kasi ya kufikiri na hesabu mambo ni tofauti.

Sasa kabla hujashika kichwa. IQ ya wastani ni 100, na watu wengi wako kati ya 85 na 115. Ukishusha wastani wa kundi kwa pointi 12 bado wengi wao wanabaki humohumo kwenye kawaida, wapo wa 90, wapo wa 105, wapo wa 120. Kingine, shida ya watoto hawa mara nyingi haiko sawa pande zote. Lugha inaweza kuwa nzuri kabisa huku hesabu zinakwama. Wale Wajerumani walikuta kadiri kazi inavyotaka mtoto ashike mambo mengi kichwani kwa mpigo ndivyo njiti anavyoachwa nyuma, kazi ikiwa jambo moja moja pengo linapungua sana. Niliposoma pale nikamuona mwanangu na ile 3x − 4 yake.

Walimu, manesi, wazazi, na hasa nyie wenyewe mliozaliwa njiti mkakua, karibuni.

mzee_kijana

Mkuu nimesoma yote na nakupa pole na hongera kwa kulea. Ila mi naona hizi habari tuwe makini nazo. Mtaani kwetu njiti wawili mmoja ni daktari mwingine injinia. Tukianza kusema njiti akili zao pungufu tunawaletea unyanyapaa mpya juu ya ule wa zamani wa mama kuambiwa amerogwa au kafanya dhambi. Mtoto akikua anasikia "we ulizaliwa haujaiva" hata akifeli kawaida kama wengine atasema ni unjiti. Na vipi watoto waliotimiza miezi tisa na hesabu hawajui? Nchi hii hesabu zinafelisha wengi tu.

BabaTausi

mzee_kijana hoja yako ni nzito na nashukuru umeileta mapema. Hao wawili wa mtaani kwenu hawapingani na niliyoandika, wastani wa kundi hautabiri mtu mmoja. Norway walifuatilia rekodi za watu zaidi ya laki tisa waliozaliwa kati ya 1967 na 1983. Ni kweli kadiri wiki zinavyopungua ndivyo mtindio wa ubongo unavyoongezeka na elimu ya juu inavyopungua, ila kwa wale wasio na ulemavu, kukosa kazi na uhalifu havikuwa na uhusiano wowote na wiki alizozaliwa. Wengi walisoma, wakafanya kazi, wakajenga familia.

Lakini unyanyapaa unaouogopa mi nauona upo tayari, tena unatumia majina mengine. Mvivu. Mzito. Hana umakini. Mtoto anachapwa kwa kitu kilichoanza kabla hajazaliwa, na mwalimu hajui, na mzazi hajui, na yeye mwenyewe anakua anaamini ana roho mbaya ya uvivu. Bora sababu ijulikane na wakubwa wanaomzunguka, wabadilishe namna ya kumfundisha.

Nesi wa Zamu

Asante sana kwa uzi huu. Nimefanya wodi ya watoto wachanga muda mrefu, naomba niongeze upande wa kwetu maana kuna vitu vinachanganywa.

Kwanza njiti ni aliyezaliwa kabla wiki 37 hazijatimia. Ndani yake kuna makundi, wiki 32 hadi 36 ndo wengi kabisa, 28 hadi 31 ni wachache, chini ya 28 ni wachache zaidi. Duniani mwaka 2020 walizaliwa njiti kama milioni 13.4, yaani mtoto mmoja kwenye kila kumi. Sasa hizo namba za EPICure ni za wale wa chini ya wiki 26, waliokaa kwenye mashine za kupumulia wiki na wiki. Kwetu huku wanaopona wengi ni wa wiki 30 kwenda juu. Mama mwenye mtoto wa wiki 34 asichukue namba za wiki 25 akalala nazo. Kwa wa wiki 34 hadi 36 tofauti ipo ila ni ndogo, wengi hutaiona kabisa.

Pili, tunapenda kuongelea kilo lakini ubongo unaangalia wiki. Mtoto wa kilo 1.9 anaweza kuwa wa wiki 33, na anaweza kuwa ametimiza wiki 39 ila hakukua vizuri tumboni. Hao ni watoto wawili tofauti. Shida yetu mama wengi wanaanza kliniki mimba kubwa, ultrasaundi ya mapema hakuna, tarehe ya mwisho ya hedhi haikumbuki, basi kwenye kadi inaandikwa uzito tu. Miaka kumi baadae ukimuuliza mama mtoto alizaliwa wiki ya ngapi anakuambia "miezi saba na kitu".

Tatu, kwa nini ubongo. Miezi mitatu ya mwisho ndo kichwani kuna kazi kubwa. Ubongo wa wiki ya 25 juu ni laini karibu hauna mikunjo, mikunjo yote inajengwa kuelekea wiki ya 40. Hata wiki ya 34 au 35 uzito wa ubongo ni kama theluthi mbili tu ya utakaokuwa nao mimba ikitimia. Na kipindi cha wiki ya 23 hadi 32 zile chembe zinazokuja kutengeneza utando wa mafuta juu ya neva ndo zinakuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Neva ni kama waya wa umeme na huo utando ndo plastiki yake, ukiwa mwembamba taarifa zinapita ila taratibu na nyingine zinapotea njiani. Oksijeni ikishuka, presha ikiyumba, maambukizi yakiingia, chembe hizo zinakufa. Kuna wanaovuja damu ndani ya ubongo siku za kwanza, ikiwa nyingi ndo tunapata mtindio wa ubongo na matatizo makubwa. Ila wapo wengi ambao picha ya kichwa ilikuwa safi na bado shuleni wanapata shida ndogondogo kama za binti yako kaka, za umakini na kushika mambo mengi kwa mpigo. Utundu wa kuruka ruka sio dalili yao kubwa, wao zaidi wanazubaa, wanatulia tu wameondoka kimawazo. Ndo maana hawasumbui darasani na hakuna anayewaona. Na usonji nao kwao unatokea zaidi kuliko kwa wengine.

Kinda la Kibaha

Daah huu uzi umenigusa mno. Mi nilizaliwa wiki ya 30, mama kanibeba kifuani mpaka nikafika kilo mbili, saivi nipo chuo mwaka wa pili nasoma sheria.

Niseme yangu kama shahidi. Shule ya msingi mpaka Form Four sikuwahi kumaliza mtihani wa hesabu ndani ya muda, hata mmoja. Maswali niliyofanya nilikuwa napata, yaliyobaki yanabaki meupe. Kiswahili, historia, kiingereza nilikuwa wa kwanza. Walimu wakawa wanasema nadharau hesabu kwa sababu sizipendi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasoma swali, nafika katikati, mwanzo umeshafutika, narudi juu, nashuka, muda umekwisha. Nilichofanya Form Three, na hakuna aliyenifundisha, ni kuandika kila kitu. Hata 7 + 8 naiandika pembeni. Karatasi yangu ilikuwa inachafuka lakini nikaanza kupata 50, nikapata C.

Kitu kingine ambacho hamjataja ni kuchoka. Kipindi cha tano cha sita mi nilikuwa nimeisha kabisa, sio usingizi, kichwa kimekataa. Wenzangu walikuwa wanaenda tuisheni jioni, nikajilazimisha na mimi nikawa naambulia sifuri. Mama ndo aliona akanitoa tuisheni akaniambia lala saa mbili uamke saa kumi alfajiri usome, na hiyo ilinisaidia kuliko vyote. Kwa hiyo BabaTausi binti yako akilia usiku na vitabu mbele, mlaze.

Na nijibu la unyanyapaa. Mi nilivyojua kwamba kuna watu wamefanya utafiti na wamekuta watu kama mimi wengi wanapata shida ileile, nilipata amani. Nilijua sikuwa mvivu.

Mwl_Hesabu

Nafundisha hesabu sekondari ya kata, mikondo yangu ina wanafunzi zaidi ya themanini. Sijawahi kuambiwa na mzazi yeyote kwamba mtoto wake alizaliwa njiti, hata mmoja, na lazima wapo, maana kama ni mmoja kwenye kumi basi kila darasa langu nina kama wanane. Wengi watakuwa wa wiki 35, 36 hawana shida. Lakini hata wawili watatu wakiwa na hali ya binti wa mleta uzi, mi nimekuwa nawaandikia "aongeze bidii".

Kinachowezekana kwenye darasa la themanini ni hivi. Maagizo naweza kuyaandika ubaoni badala ya kuyatamka tu, haigharimu kitu na inasaidia darasa zima. Naweza kumweka mtoto mbele. Naweza kumpa maswali sita badala ya kumi, maana nikitaka kujua kama anajua kufungua mabano, sita yanatosha. Naweza kutomnyang'anya karatasi ya kuandikia pembeni, kuna walimu wanakata maksi kwa uchafu wa karatasi, tuache hiyo. Na jedwali la kuzidisha, wenzangu watanipinga, ila kama lengo ni aljebra basi mwache alitazame ubaoni asimalizie nguvu zote kwenye 7 × 8.

Muda wa ziada kwenye mitihani ya taifa upo kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ila mtoto lazima awe ametambuliwa na shule mapema na vielelezo vya daktari vipo. Ukisubiri mpaka Form Four mwezi wa tisa umechelewa. Mzazi aje shuleni. Aje na kadi ya kliniki, aseme wiki ngapi, asione aibu.

MamaPacha_Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi niko Kisumu, nina mapacha walizaliwa wiki 32, mmoja kilo 1.4 na mwingine 1.7. Wako PP2 saa hii, Januari wanafaa kuingia Grade 1. Huyu mdogo bado kushika penseli ni shida na akiambiwa vitu viwili anafanya kimoja. Shosho yao anasema nimrudishe PP2 mwaka mwingine ndio akomae, lakini sasa pacha wake atamwacha, na mimi roho inaniuma kuwatenganisha. Naomba mnishauri kabisa, sijui nifanye nini.

BabaTausi

Dada yangu hilo swali lako wale wa Bavaria walilichunguza hasa, nifungue kidogo. Kule wapo njiti waliocheleweshwa kuanza shule mwaka mmoja na wapo waliopelekwa kwa wakati wao, watafiti wakawalinganisha. Kuchelewesha hakukuleta faida kwenye masomo, tena ule mwaka wa kukaa bila kufundishwa uliwarudisha nyuma. Sababu inaeleweka, kama shida ni ya kushika mambo mengi kwa mpigo, kusubiri mwaka hakuiondoi, mtoto anahitaji kufundishwa kwa namna yake na aanze mapema. Mi ningekuwa wewe ningewapeleka wote na kumwambia mwalimu wa huyu mdogo ukweli wote. Shosho mwambie kwa upole, nia yake ni njema.

Na kuna kitu cha Bavaria hiyohiyo ambacho kwangu ndo moyo wa uzi huu, naomba mkisome taratibu.

Watoto walipokuwa na miaka 6, watafiti waliwakalisha mama na mtoto wafanye kazi moja pamoja, wakawa wanaangalia mama anafanyaje. Wapo mama wanaosubiri, wanamuacha mtoto ajaribu, akikwama wanamsaidia kidogo wanarudi nyuma, wanamsifia alichofanya. Na wapo wanaochukua kazi yenyewe, wanaamrisha, wanakemea. Wakaja kuangalia matokeo ya shule watoto wakiwa na miaka 13. Njiti waliokuwa na mama wa kundi la kwanza walikuwa wanafanya shuleni karibu sawa na watoto waliotimiza miezi. Njiti wa kundi la pili waliachwa mbali. Kwa watoto wasio njiti, upole huo haukuleta tofauti kubwa hivyo, wao walienda tu. Yaani huyu mtoto wetu ndiye anayeumia zaidi na makelele, na ndiye anayefaidika zaidi na utulivu.

Nilisema kwenye uzi kwamba pengo la IQ halijifuti. Ni kweli, lakini IQ sio ripoti ya shule na sio maisha. Kinachotokea shuleni kinasogezeka, na kinasogezwa na mtu aliyekaa naye mezani.

Colombia wanasema kitu kinachofanana. Ndiko kangaruu, yaani kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, ilikoanzia, Bogotá mwaka 1978, daktari Edgar Rey, hospitali ilikuwa inkubeta hazitoshi watoto wanalazwa wawili watatu pamoja wanaambukizana, akaamua mama ndiye awe joto. Miaka ya 90 wakafanya jaribio, nusu kangaruu nusu utaratibu wa kawaida, na wakawatafuta tena baada ya miaka 20. Kwa waliozaliwa na gramu 1,800 kushuka chini, wale wa kangaruu walikuwa hawakosi shule ovyo, hawana ukali na papara kama wenzao, na wazazi wao walikuwa karibu nao zaidi mpaka ukubwani. Faida ya IQ ilibaki kidogo, na ilibaki kwa wale waliokuwa dhaifu kuliko wote.

mzee_kijana

Hapo kwa mama wa kusubiri na mama wa kukemea umenishika. Mi nilikuwa nadhani kumkomalia mtoto ndo kumsaidia. Naona hata mpwa wangu alizaliwa miezi saba, baba yake anamfundisha hesabu na mkanda pembeni. Nitampelekea huu uzi leoleo.

Swali, hao wa kiume na wa kike wako sawa?

Nesi wa Zamu

Wa kiume wanaumia zaidi kaka, wodini na hata baadae kwenye vipimo vya akili. EPICure waliona hivyo mpaka miaka 19, pamoja na wale waliovuja damu nyingi kichwani, na wale ambao mama zao hawakusoma sana. Hili la elimu ya mama lisisomwe kama lawama, mama aliyepata nafasi ya kusoma mara nyingi ana muda, ana vitabu ndani, anajua pa kuuliza.

Na kangaruu sio habari ya Colombia tu. Jaribio kubwa la WHO lililotoka 2021 lilifanyika hospitali tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, watoto wa kilo moja mpaka chini kidogo ya 1.8. Zamani tulikuwa tunasubiri mtoto atulie kwanza ndo abebwe, pale wakawekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, mama analala humohumo chumba cha uangalizi. Vifo ndani ya siku 28 vikawa asilimia 12 badala ya 15.7, wakalisimamisha jaribio mapema kwa sababu haikuwa haki tena kuendelea kuwanyima kundi lingine.

Mi nawaambia mama zangu hivi, kulinda akili ya huyu mtoto kunaanza kabla hajatoka. Uchungu ukianza mapema wahi hospitali, usikae nyumbani unasikilizia, maana zipo sindano za kukomaza mapafu ambazo zinahitaji muda zifanye kazi ndani ya mama. Zimejulikana tangu 1972, utafiti wa New Zealand, na WHO walizijaribu tena kwenye nchi kama zetu, Kenya ikiwemo, majibu yakatoka 2020 kwamba zinaokoa. Kwa mimba chini ya wiki 32 kuna na magnesiamu, ileile ya kifafa cha mimba, inapunguza mtindio wa ubongo kwa mtoto. Baada ya hapo ni joto, sukari isishuke, maziwa ya mama hata kwa matone ya kukamua, manjano yatibiwe mapema kabla hayajapanda kichwani, na oksijeni ya kipimo. Oksijeni ikizidi macho yanaharibika, yule mwanamuziki Stevie Wonder alizaliwa wiki sita kabla mwaka 1950 akapofuka kwa ajili hiyo.

Zuhura_Bremen

Nawasoma kutoka Ujerumani. Wangu alizaliwa hapa wiki ya 31. Huku kila mtoto anapewa kitabu cha njano toka siku anazaliwa, wiki za mimba zimeandikwa humo, na vipimo vinaendelea kwa ratiba mpaka anakaribia kuanza shule, sio chanjo na uzito tu, wanaangalia anaongeaje, anashikaje mkasi, anasikia, anaona. Na kwa njiti wadogo kuna vituo vya wataalamu wa ukuaji, daktari, mtu wa mazoezi, wa lugha na mwanasaikolojia chini ya paa moja. Nawaambia sio kwa kujisifia, nasema kwa sababu kile kitabu ni karatasi tu. Kadi yetu ya kliniki ya nyumbani inaweza kuongezwa mistari kadhaa ya miaka mitano, saba na kumi bila kununua mashine yoyote.

BabaTausi

Zuhura hilo ndilo nalolitaka hasa. Mwaka 2025 Bunge letu lilibadilisha sheria za kazi mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo ya uzazi, na ilichukua kelele za watu wengi kwa miaka. Kelele zinazofuata ziwe za hii mistari kwenye kadi, na walimu kufundishwa vyuoni kwamba mtoto wa namna hii yupo darasani kwao.

mama_Ridhiwani

Samahanini kuingilia, nimesoma kimyakimya toka jana natetemeka. Mi wangu nilijifungua wiki ya 31, kilo 1.3, tulitoka wodini ana kilo mbili. Juzi katimiza miezi mitatu na shingo haijakaa, wifi yangu anasema wa kwake miezi mitatu alikuwa anainua kichwa vizuri. Ndo imeshaanza hiyo ya ubongo?

Nesi wa Zamu

Mama Ridhiwani tulia, vuta pumzi, tuhesabu pamoja. Mimba ni wiki 40. Ulijifungua wiki ya 31, kwa hiyo alikuja wiki 9 kabla. Miezi mitatu ni wiki 13. Toa 9, zinabaki 4. Mwanao kwa ukuaji ni mtoto wa mwezi mmoja, na mtoto wa mwezi mmoja shingo haijakaa. Wifi yako analinganisha mtoto wa miezi mitatu na wa mwezi mmoja. Hesabu hivyohivyo mpaka afike miaka miwili, chanjo tu ndo zinafuata tarehe ya kuzaliwa.

Ila nijibu haya. Anakufuata na macho ukimsogelea uso? Anashtuka mlango ukigongwa? Mikono na miguu yote anaichezesha sawa, au upande mmoja mgumu, au viganja amekunja ngumi muda wote hata akilala? Na wodini aliwahi kupata manjano makali au kuchomwa sindano za jentamaisini, dawa ya maambukizi, siku nyingi?

mama_Ridhiwani

Ananifuata na macho na anacheka hasa nikiimba. Miguu anarusha yote. Manjano alipata akawekwa kwenye taa, na sindano alichomwa ndiyo, jina silijui. Kushtuka sina uhakika, nyumba yetu ina kelele sana na yeye analala tu.

Nesi wa Zamu

Basi hayo ya macho, kucheka na miguu ni mazuri. Ila masikio nataka yapimwe, manjano na sindano zile vyote vinaweza kugusa usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri akifika shule ataitwa mzito bure. Kliniki yako ijayo usiseme miezi mitatu peke yake, sema alizaliwa wiki ya 31, waandike kwenye kadi kwa kalamu mbele yako, alafu omba rufaa ya masikio na uulize kama macho yalishaangaliwa wodini. Kama hawana kipimo waulize kituo gani kinacho, ukinitajia mkoa uliopo nitakuelekeza pa kuanzia.

mama_Ridhiwani

Niko Tanga. Kliniki ni Jumatano.